Nilivyolifuata Gari la Kaka Hadi Shizuoka

Wako watu wasafirio nchi za mbali kwa ajili ya biashara, wako waendao kwa masomo, na wako waendao kuhiji. Mimi nilipofika mji wa Shizuoka, katika nchi ya Japani, nilikuwa nimetumwa gari. Wala halikuwa gari la kupanda, bali gari la kushika kiganjani, ambalo urefu wake haufiki shubiri moja. Aliyenituma ni kaka yangu mkubwa, na maneno yake yalikuwa machache: "Mdogo wangu, kama huko uendako ndiko wanakoyatengeneza, niletee ile Datsun nyekundu. Nataka kuiona kwa vidole."

Maneno haya hayana budi kufafanuliwa. Kaka alikuwa fundi wa kuunda bodi za malori. Kwa muda wa miaka karibu 40 alipokea chasisi tupu, zenye injini na magurudumu tu, akazivika mbao na vyuma hata zikawa malori ya kubeba mkonge, mahindi na machungwa. Kisha ugonjwa wa kisukari ukamwingia machoni. Nuru ilimtoka kidogo kidogo, kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia, na sasa yapata mwaka wa nne tangu alipoacha kutofautisha mchana na usiku. Hukaa barazani kwake Korogwe, mikono imelala mapajani. Shemeji yangu aliwahi kuniambia kwamba macho ya mumewe hayamsikitishi sana kama imsikitishavyo mikono ile kukaa bure.

Lakini kabla ya kuunda malori ya watu wazima, Kaka aliunda malori yetu. Sisi tulikulia katika kambi ya shamba la mkonge, ambako hapakuwa na mtoto aliyenunuliwa kigari dukani. Kaka alichukua kopo la mafuta, akalipasua kwa kisu kibutu, akalinyoosha juu ya jiwe, kisha akalikunja likawa kichwa cha lori. Magurudumu aliyakata katika kandambili zilizochakaa. Ekseli zilikuwa spoki za baiskeli, taa zilikuwa visoda, na springi alizikunja kwa ukanda wa chuma wa kufungia makasha. Usukani ulikuwa wa waya, nao uliunganishwa na fito ndefu ili mtoto aendeshe huku akitembea wima. Watoto wenzetu walikuwa na magari ya mabua. Sisi tulikuwa na lori lenye springi, na lilipopita katika mashimo lilinesa kama lori la kweli.

Pasaka moja, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulikesha kando ya barabara kuu tukingoja mashindano ya Safari. Mashindano hayo yalianza 1953, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na nchi yetu; tangu 1974 yamebaki Kenya peke yake. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha anza. Karibu na alfajiri taa zilichomoza gizani, injini ikanguruma, na mbele yetu ikapita Datsun nyekundu yenye boneti nyeusi, imetapakaa matope mpaka madirishani. Tuliiona kwa muda wa kupepesa jicho tu. Kaka, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi, alikimbilia barabarani, akapiga magoti, akapima kwa shubiri nafasi iliyokuwa kati ya alama za matairi katika tope.

Kesho yake alianza kuunda Datsun ya kopo. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena kwa muda wa wiki nzima. Bati lilikubali kona lakini lilikataa mviringo wa boneti ile. Mwishowe alilikanyaga kwa mguu, akalitupa shimoni. Katika maisha yake yote hilo ndilo gari la pekee ninalojua kwamba lilimshinda.

KUTOKA TOKYO KWENDA MJI WA CHAI

Kazi iliyonipeleka Japani mwezi wa Mei ilikuwa Tokyo, nayo haihusiani na habari hii. Ilipokwisha nilibakiwa na siku 2, na zote nikazitoa kwa ajili ya Shizuoka. Mji huo uko kiasi cha kilomita 180 kutoka Tokyo, karibu sawa na mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Garimoshi liendalo kasi, ambalo wenyewe huliita Shinkansen na ambalo lilianza kazi 1964, hufika huko kwa muda wa saa moja hivi. Abiria aketiye upande wa kulia, mbingu zikiwa safi, huuona mlima Fuji, wenye urefu wa mita 3,776, umesimama peke yake kama Kilimanjaro wetu usimamavyo. Baada ya hapo vilima hujaa mashamba ya chai, yaliyopangwa kwa mistari na kukatwa sawasawa kama nywele za askari mpya. Upande wa pili ni bahari, Ghuba ya Suruga.

Watalii wengi huupita mji huu wakienda Kyoto, na garimoshi zile zenye haraka kuliko zote hazisimami hapo kabisa. Mimi nilishuka, na sikwenda mbali kabla ya kuelewa kwamba nimefika mahali penyewe. Tangu 2021 serikali ya mji imesimamisha barabarani sanamu za namna ya peke yake: sanduku la posta, au kibanda cha simu, kimewekwa ndani ya fremu kubwa pamoja na vipande vyake vilivyotawanywa, kana kwamba jitu fulani limetoa kasha lake la michezo na litarudi baadaye kuunganisha. Mgeni asiyejua angedhani mafundi wameacha kazi njiani. Ajuaye hutabasamu, kwani hivyo ndivyo modeli ya plastiki ionekanavyo mtu anapofungua kasha.

Shizuoka na vitongoji vyake hutoa sehemu kubwa kabisa ya modeli za plastiki zinazotengenezwa Japani. Hapo ndipo yalipo makampuni ya Tamiya, Aoshima na Fujimi. Hasegawa liko katika mji jirani wa Yaizu, ambao ni bandari ya wavuvi wa jodari. Ukitaja majina hayo mbele ya mtu apendaye kuunda magari madogo, awe Mjerumani, Mmarekani au Mwafrika, atakutazama kama Mwislamu amtazamavyo mwenzake aliyetaja Makka.

MIKONO ILIYOZOEA MBAO

Niliuliza kwa nini kazi hii ikatia mizizi hapo wala si penginepo. Wenyeji huanza jibu lao mbali sana. Husema kwamba mwaka 1607 mtawala Tokugawa Ieyasu, baada ya kumwachia mwanawe madaraka, alihamia katika ngome ya mji huu, akakaa hapo hata alipofariki 1616. Hekalu lake liko juu ya kilima cha Kuno, na ngazi za mawe za kulifikia ni 1,159. Nilizipanda zote, na magoti yangu yalinikumbusha umri wangu kwa siku 3. Juu kule nguzo, milango na dari zimechongwa ndege, maua na wanyama, kisha zikapakwa laki nyekundu na nyeusi na kutiwa dhahabu. Kazi ya mahekalu kama hayo iliwavuta maseremala, wachongaji na wapaka laki kutoka sehemu nyingi za nchi, na wengi wao hawakurudi makwao. Vizazi vyao vilitengeneza makabati, viatu vya mbao, masanduku ya laki, na hata samani ndogo za wanasesere. Mkono uliozoea kuunda kabati la mwanasesere haukupata taabu kuunda ndege ndogo ya mbao, na kweli kampuni ya Aoshima, iliyoanzishwa 1924, chanzo chake ni mapenzi ya ndege.

Juni 1945, vita vilipokaribia mwisho, mabomu ya moto yaliuteketeza mji. Mwaka uliofuata Yoshio Tamiya alifungua kiwanda cha kupasua mbao, kwani watu walihitaji kujenga upya nyumba zao. Baadaye alianza kutengeneza na modeli za mbao. Mwaka 1951 moto ulizuka ukala mbao zake. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye mwaka 1953 aliiacha kabisa biashara ya mbao za kujengea, akabaki na modeli peke yake. Punde si punde modeli za plastiki zikaanza kuingia kutoka ng'ambo, na vijana wakazipa kisogo zile za mbao. Mwaka 1960 Tamiya alitoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato, nayo ikamtia hasara kwa sababu mshindani wake aliuza manowari hiyo hiyo kwa bei nafuu zaidi. Aliyekuja kuinua jahazi ni mwanawe, Shunsaku, ambaye alitoa kifaru chenye mota ndogo ya betri, kikapanda juu ya vitabu na mito ya kulalia mbele ya macho ya watoto, na fedha zikarudi.

Huyo Shunsaku ndiye aliyeifanya kazi ya mchezo iheshimiwe kama kazi ya uhandisi. Hakuridhika kunakili picha. Alisafiri kwenda kupima vitu vyenyewe, na kwa ajili ya modeli ya Porsche 934 iliyotoka 1976 kampuni ilinunua gari zima la Porsche 911, ikalifungua vipandevipande ili wachoraji wajue kila kitu kinakaa wapi. Alifariki Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 90. Niliposikia habari ya Porsche ile nilimkumbuka Kaka amepiga magoti katika tope, akipima kwa shubiri. Tofauti yao ilikuwa uwezo; tabia ilikuwa moja.

KASHA NA VILIVYOMO

Nisije nikawaacha njiani wasomaji ambao hawajapata kuona kitu hiki. Ndani ya kasha la modeli hamna gari. Mna fremu kadhaa za plastiki, na katika kila fremu vimeshikamana vipande vidogo vidogo kama ndizi katika mkungu: mlango, kiti, usukani, kioo, nusu ya injini. Kiwandani huchongwa kwanza kalibu ya chuma, pande mbili zinazokutana, kwa usahihi ambao jicho haliwezi kuuhakiki. Plastiki huyeyushwa, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu kupitia vijia vyembamba, hupoa kwa muda mfupi, na kalibu hufunguliwa. Vijia vile ndivyo vigeukavyo kuwa fremu. Gharama kubwa iko katika kalibu. Plastiki yenyewe si ghali. Ndiyo sababu kampuni ikikosea katika kuchagua gari la kuigiza hujuta kwa muda mrefu.

Magari madogo mengi huundwa kwa kipimo cha 1 kwa 24, maana yake sentimita 1 ya modeli ni sentimita 24 za gari la kweli. Datsun ya urefu wa mita 4 na kitu hugeuka kuwa sentimita 17. Malori, kwa kuwa ni marefu, mara nyingi huundwa kwa 1 kwa 32, na lori la mita 12 bado huwa na sentimita 37, kiasi cha kujaza nusu ya meza.

Mnunuzi hukata kila kipande kwa koleo, hukisugua kwa msasa mpaka alama ya mkato ipotee, hukiosha kwa sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke, hukipaka rangi nyembamba mara kadhaa badala ya nene mara moja, kisha ndipo hutia gundi. Huo ni ufundi wa kawaida. Wenye mapenzi makubwa hawaishii hapo. Huyakataa magurudumu ya kasha wakatafuta mengine, hukata paa wakalishusha, huchukua kichwa cha lori kutoka kasha moja na chasisi kutoka kasha jingine. Hutia nyaya za plagi katika injini ambayo pengine hakuna atakayeifunua. Hata fremu iliyobaki haitupwi: huipasha juu ya mshumaa hata ilainike, huivuta kwa mikono miwili, ikawa uzi mwembamba kama unywele, nao huwa antena ya redio. Nilipoliona hilo nilijiambia kwamba Kaka angelipenda kuliko yote.

MALORI YALIYOVAA KAMA BIBI ARUSI

Mwezi wa Mei hufanyika Shizuoka maonyesho makubwa ya modeli, katika ukumbi uitwao Twin Messe. Makampuni huonyesha bidhaa mpya, na mwisho wa juma umma huruhusiwa kuingia. Lililonivuta ni upande wa pili, ambako tangu 1990 vyama vya waundaji kutoka pande zote huja kupanga kazi zao mezani. Meza zilifuatana mpaka jicho likachoka. Hapana aliyekuwa akiuza. Kila mtu alikaa nyuma ya kazi yake kama mkulima katika maonyesho ya Nane Nane akaaye nyuma ya maboga yake.

Nilisimama muda mrefu mbele ya malori. Wajapani wanayo desturi ya kupamba malori yao kwa taa za rangi, mabati yanayong'aa, na michoro ya mawimbi, samaki na mashujaa. Desturi hiyo ilipata nguvu kwa filamu za vichekesho za Torakku Yaro, 10 kwa jumla, zilizotolewa kati ya 1975 na 1979 juu ya madereva wawili wa malori, na katika miaka hiyo hiyo Aoshima wakaanza kuuza malori ya namna hiyo ya kuundwa nyumbani. Pale mezani yalikuwapo ya kubebea samaki, yenye taa ndogo zinazowaka kweli, na maandishi ubavuni. Nilimwomba kijana mmoja anisomee. Moja lilisema habari za upweke wa barabara ya usiku, jingine lilimtaja mama. Nilicheka peke yangu. Nani kati yetu hajasafiri nyuma ya lori lililoandikwa maneno ya mama, ya Mungu, au ya mahasidi? Dereva ni dereva, awe wa Yaizu au wa Tunduma: nusu ya maisha yake yako barabarani, na lori ndilo ukuta wa pekee alionao wa kuandikia yaliyomo moyoni.

RANGI YA UDONGO WETU

Katika meza iliyokuwa karibu na mlango niliiona. Datsun 240Z, nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 ubavuni. Hiyo ndiyo namba ya gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller, walioshinda Safari ya 1971. Shekhar Mehta na Lofty Drews walirudia ushindi kwa gari la aina hiyo 1973. Muundaji wake alikuwa mzee wa makamo yangu, fundi bomba aliyestaafu. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuombea maji, lakini kijana yule wa malori alikuja kutusaidia.

Nilimweleza kwamba gari lile nililiona kwa macho yangu, utotoni, likipita kwetu. Mzee alisimama. Alivua miwani, akaivaa tena. Kisha aliniuliza jambo ambalo sikulitazamia: "Udongo wenu una rangi gani?"

Gari lake alikuwa amelipaka matope, kwa unga wa rangi uliochanganywa na gundi, kwa ustadi wa kushangaza: mazito chini ya milango, membamba juu, na katika kioo cha mbele palikuwa na nafasi mbili safi zilizofutwa na waipa. Ila matope yenyewe yalikuwa ya kijivu. Alikuwa ameyatoa katika picha za zamani zisizo na rangi, na kwa miaka kadhaa, alisema, moyo wake ulimwambia kwamba amekosea. Sikutaka kumvunja moyo, wala sikutaka kusema uongo. Nikamwambia kwamba kwetu ni mekundu.

Akatoa chini ya meza kisanduku chenye vichupa vya unga. Alichanganya nyekundu na kahawia juu ya kipande cha karatasi, akanitazama. Nikatikisa kichwa. Akaongeza manjano kidogo. Bado. Watu wakaanza kukusanyika. Mchanganyiko wa sita au wa saba, sikumbuki vizuri, ulinishtua, kwani ghafla nilikuwa niko pale pale kando ya barabara, na harufu ya mkonge puani. "Hapo," nikasema kwa Kiswahili, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Mzee aliandika vipimo katika daftari lake. Alisema ataliosha gari na kulipaka upya. Nami nilipomweleza habari za Kaka na sababu ya safari yangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mtu asiyeona hatahitaji rangi, ila atahitaji magurudumu yote 4 yakanyage chini sawasawa, kwani hilo ndilo kosa la wanaoanza, na vidole havidanganyiki. Alinielekeza duka, na hapo nikanunua kasha la Hasegawa la gari lile lile.

BARAZANI KOROGWE

Niliunda gari hilo kwa muda wa wiki 5, usiku, baada ya kazi. Nakiri kwamba sina mikono ya Kaka. Nilijikata kidole mara 2, nikapoteza kioo kimoja cha pembeni chini ya kabati, na gundi ikaacha alama juu ya dirisha. Rangi niliipaka ingawa mwenyewe hataiona, kwa kuwa shemeji na wajukuu wataiona. Kuhusu matope sikutumia unga wa dukani. Nilipofika Korogwe nilichota udongo uani kwake, nikaupepeta kwa kitambaa cha kanga kuukuu, nikaupaka kwa gundi ya maji chini ya milango na nyuma ya magurudumu.

Kaka alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu apokeaye mtoto mchanga. Hakusema kitu. Kidole gumba kilianza nyuma, kikapanda juu ya paa, kikateremka kioo cha mbele, kikafika kwenye boneti. Hapo kilirudi nyuma, kikateremka tena, polepole. Akafanya hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi.

"Kumbe inashuka huku inapanuka," alisema mwishowe. "Mimi niliishusha bila kuipanua. Ndiyo maana bati lilikataa."

Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita. Shemeji aliingia ndani, akisema anakwenda kutazama chai.

Kisha Kaka aliliweka gari juu ya meza, akaligusa kwa kidole kimoja, likayumba. Akaligusa tena. "Mdogo wangu," akasema, "gari lako lina magurudumu 3. La mbele kushoto haligusi." Niliinama kutazama, sikuona kasoro yoyote. Niliteleza kipande cha karatasi chini ya gurudumu, kikapita. Mzee wa Shizuoka alikuwa amenionya, na bado nilikosea.

Nilitaka kulichukua nilirekebishe, lakini hakunipa. Alimwita mjukuu wake, mtoto wa miaka 11, akamtuma msasa na kisu kidogo. Aling'oa gurudumu mwenyewe, akapapasa ekseli, akasugua mara 3, akajaribu, akasugua mara 2 tena. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima. Jasho lilimtoka, na nilipotaka kumpangusa alinikataza. Alipoliweka tena mezani na kuligusa, gari halikuyumba.

Mjukuu aliyekuwa akitazama aliuliza kama anaweza kulichezea. Babu yake alimwambia kwamba hilo si la kuchezea. "Lako tutaliunda kesho," akasema. "Nenda kamwombe bibi yako kopo la mafuta. Na kandambili zangu za zamani usizitupe."

Wazazi wenzangu, sisemi kwamba kila nyumba iagize makasha kutoka Japani. Fedha za kufanya hivyo wengi wetu hatuna. Ninachosema ni kwamba mji mzima ulikula, ukasomesha na ukajijenga upya baada ya moto kwa sababu watu wake hawakuona kuwa kitu kidogo ni kitu cha kudharau. Watoto wetu wamekuwa wakiunda malori ya makopo tangu makopo yalipofika katika nchi hii. Tuwaachie kisu, tuwaonyeshe namna ya kukishika, na wanapoharibu kopo la kwanza tuwape la pili. Siku hizi barua za simu zinazotoka Korogwe hunieleza kwamba lori la mjukuu lina springi. Kaka, nasikia, hana nafasi ya kukaa bure, kwa kuwa foleni ya watoto wa jirani huanza barazani kwake mara tu watokapo shule.